Je, Bunge la Ulaya linaweza kumkataa kamishna mmoja?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, Dar es Salaam. Agosti 2024 nilifuatilia wabunge wa Kenya wakiwapiga msasa wateule wa baraza la mawaziri mmoja baada ya mwingine, na mteule wa Wizara ya Jinsia akakataliwa. Baadaye nikasoma kwamba Bunge la Ulaya nalo huwahoji makamishna kabla hawajaingia kazini, lakini mkataba unasema wabunge hupiga kura moja tu kwa kundi zima. Je, wabunge hao wana mamlaka ya kweli ya kumkataa mtu, au mahojiano yale ni ya kuonyesha tu? Na kwa nini nchi kubwa za Ulaya, kama Ujerumani na Uingereza, hazina utaratibu huo kwa mawaziri wao?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mamlaka hayo ni ya kweli, ila hayafanyi kazi pale yalipoandikwa. Mkataba umeyaweka kwenye kura ya mwisho, lakini kwa vitendo hutumika wiki kadhaa kabla ya kura hiyo, katika vyumba vya kamati na katika mazungumzo ya viongozi wa makundi ya vyama. Tena nguvu yake haiko sawa kila mara: hupanda na kushuka kadiri vyama vikubwa vinavyohitajiana. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya liliwaangusha wateule watatu. Mwaka 2024 halikumwangusha hata mmoja, na sheria haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Ndiyo maana nakuomba uvumilie maelezo marefu kidogo.

Tuanze na maandishi. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inapanga hatua tano. Baraza la Ulaya, yaani mkutano wa wakuu wa nchi na serikali za nchi wanachama 27, humpendekeza mtu mmoja kuwa rais wa Kamisheni ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja huo, likizingatia matokeo ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Bunge humchagua kwa wingi wa wabunge wote, wawe wamehudhuria au hawakuhudhuria, na akikosa idadi hiyo Baraza hupewa mwezi mmoja kuleta jina jingine. Kisha kila serikali hutoa jina la mtu wake, na mawaziri wa nchi wanachama, kwa makubaliano na rais mteule, hupitisha orodha. Baada ya hapo rais, makamishna wote na Mwakilishi Mkuu wa mambo ya nje hupigiwa kura moja ya ridhaa wakiwa chombo kimoja, na safari hii wingi wa kura zilizopigwa unatosha. Mwisho, Baraza la Ulaya huwateua rasmi. Ukiisoma ibara hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho hutakuta mahali panaposema kwamba kamati ya Bunge itamwita kamishna mteule na kumhoji, wala kwamba anaweza kukataliwa peke yake. Mahojiano ni jambo ambalo Bunge limejiwekea lenyewe katika kanuni zake za ndani.

Lilianzaje? Mkataba wa Maastricht, ulioanza kutumika Novemba 1993, ndio uliolipa Bunge haki ya kuidhinisha Kamisheni nzima kabla haijaanza kazi. Kwa upande wa rais, mkataba huo ulisema Bunge litatoa maoni tu. Julai 1994 Bunge lilimpigia kura Jacques Santer wa Luxembourg, naye akapita kwa kura 260 dhidi ya 238. Pengo hilo dogo lilimwonyesha kila mtu kwamba Bunge lingeweza kusema hapana, na kwamba kuendelea na rais aliyekataliwa na wabunge kungekuwa kujitafutia balaa. Wabunge wakachukua hatua iliyofuata bila kuombwa na mtu: Januari 1995 wakawaita wateule wa Santer mbele ya kamati, kila mmoja kwa kamati inayohusika na majukumu yake. Makamishna wangeweza kukataa kwa hoja kwamba mkataba hauwalazimishi, lakini walihitaji kura ya ridhaa iliyokuwa inakuja, kwa hiyo wakaenda. Tangu mwaka huo hakuna Kamisheni mpya iliyoapishwa bila wateule wake kupitia mlango huo.

Hapo ndipo unapoanza kuona jinsi kura moja kwa wote inavyofanya kazi. Kwa juu juu inaonekana ni udhaifu, kwa sababu mbunge asiyemtaka mtu mmoja analazimika kuwaangusha wote 27 au kummeza huyo mmoja. Lakini upande wa pili nao umo katika mtego huohuo. Rais mteule anayeng'ang'ania mtu mmoja aliyeshindwa anahatarisha timu yake yote, tarehe yake ya kuanza kazi na heshima yake mwenyewe. Nani atakayerudi nyuma kwanza? Swali hilo lilijibiwa Oktoba 2004, na nadhani hakuna kisa kingine kinachofundisha zaidi kuliko hicho.

José Manuel Barroso wa Ureno, rais mteule wa Kamisheni wakati huo, alikuwa amempangia Rocco Buttiglione wa Italia majukumu ya haki, uhuru na usalama, ambayo ndani yake mlikuwa na ulinzi wa watu dhidi ya ubaguzi. Buttiglione, mwanafalsafa Mkatoliki aliyesema mawazo yake bila kuficha, aliieleza kamati ya haki za raia kwamba yeye anaweza kuona mapenzi ya jinsia moja ni dhambi, lakini kwamba dhambi si jinai na imani yake haitaingilia kazi yake. Akaongeza maneno kuhusu ndoa na nafasi ya mwanamke ambayo wabunge wengi waliyaona hayafai kwa mtu atakayesimamia usawa. Kamati ikapiga kura: 27 dhidi yake, 26 upande wake. Tofauti ya kura moja, tena katika kura isiyo na nguvu ya kisheria.

Barroso alijaribu kwanza kumlinda. Alitoa pendekezo kwamba masuala ya ubaguzi yasimamiwe na kundi la makamishna ili Buttiglione asiyashike peke yake, na alitumaini kwamba wabunge wasingethubutu kuiangusha Kamisheni nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Asubuhi ya tarehe 27 Oktoba, Strasbourg, baada ya kuhesabu kura zake, alisimama mbele ya Bunge akaomba muda zaidi, na kura haikupigwa siku hiyo. Buttiglione akajitoa na Italia ikamleta Franco Frattini. Latvia nayo ikambadilisha mteule wake, Ingrida Udre, ikamleta Andris Piebalgs, na László Kovács wa Hungary akahamishwa kutoka nishati kwenda kodi. Tarehe 18 Novemba timu iliyorekebishwa ikapata kura 449 dhidi ya 149, ikaanza kazi wiki tatu baada ya tarehe iliyopangwa. Kumbuka kwamba katika mvutano wote huo Bunge halikupiga hata kura moja rasmi ya kukataa. Tishio peke yake lilibadilisha watu wawili na kumhamisha wa tatu.

Watu wengi waliokuwa wakimtetea Buttiglione walisema aliadhibiwa kwa imani yake, na malalamiko hayo yanastahili kujibiwa kwa haki badala ya kupuuzwa. Kwa maoni yangu swali lililokuwa mbele ya kamati halikuwa kama mtu mwenye imani hiyo anaweza kuwa kamishna. Lilikuwa kama mtu mwenye maoni hayo hadharani apewe hasa majukumu hayo. Kamati haikuwa na njia ya kumwambia Barroso ampe Buttiglione kazi nyingine, kwa kuwa kugawa majukumu ni haki ya rais. Ilichoweza kufanya ni kusema kwamba kwa kazi hii hatumpokei, na kumwachia rais atafute dawa. Naona ilikuwa ndani ya haki yake.

Baada ya 2004 utaratibu ukazidi kupangika. Leo mteule hutuma kwanza majibu ya maswali ya maandishi na tamko la mali na maslahi yake. Tamko hilo hupitiwa na kamati ya masuala ya sheria, na ikiona mgongano wa maslahi inaweza kumzuia hata kabla hajahojiwa. Akivuka hapo, huketi mbele ya kamati husika kwa saa tatu, hadharani, akirushwa moja kwa moja na kutafsiriwa katika lugha rasmi za Umoja. Waratibu wa makundi ya vyama hukutana papo hapo kutathmini. Wakimwafiki wanaowakilisha theluthi mbili ya kamati, amepita. Wasipofikia idadi hiyo, huandikiwa maswali ya ziada, au huitwa tena kwa kikao kifupi zaidi, na ikishindikana kabisa kamati hupiga kura ya siri. Kizingiti hicho cha theluthi mbili ndicho kiini cha utaratibu wote, kwa sababu maana yake ni kwamba hakuna kundi moja linaloweza kumpitisha mtu wake bila msaada wa wapinzani wake.

Wateule wawili waliofuata kuanguka nitawataja kwa kifupi. Januari 2010 Rumiana Jeleva wa Bulgaria alijitoa baada ya mahojiano mabaya na maswali kuhusu matamko yake ya kifedha, nafasi yake ikachukuliwa na Kristalina Georgieva, ambaye baadaye aliongoza Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 2014 Alenka Bratušek wa Slovenia, ambaye jina lake lilikuwa katika orodha iliyotolewa na serikali aliyoiongoza yeye mwenyewe akiwa waziri mkuu, alikataliwa kwa kura 112 dhidi ya 13, naye Tibor Navracsics wa Hungary akapita lakini akanyang'anywa sehemu ya majukumu yake iliyohusu uraia.

Mwaka 2019 unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu unaonyesha kitu ambacho mwanafunzi wa siasa hapaswi kukipita. Ursula von der Leyen alichaguliwa Julai kuwa rais wa Kamisheni kwa kura 383, wakati alihitaji 374. Pengo lilikuwa jembamba, na wabunge wengi walikuwa na kinyongo: Baraza la Ulaya lilikuwa limewapuuza wagombea wakuu waliotangazwa na vyama kabla ya uchaguzi, na Manfred Weber wa kundi la kihafidhina la EPP alikuwa amepingwa waziwazi na Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa. Septemba kamati ya masuala ya sheria ikawazuia wateule wawili kwa mgongano wa maslahi kabla hawajahojiwa: László Trócsányi wa Hungary, kwa ajili ya kampuni ya mawakili aliyoshiriki kuianzisha, na Rovana Plumb wa Romania, kwa ajili ya mikopo yake. Trócsányi alitoka katika chama kilichokuwa bado ndani ya EPP ingawa kilikuwa kimesimamishwa, na Plumb alikuwa wa wasoshalisti. Makundi mawili makubwa yalikuwa yamepoteza mtu mmoja mmoja, na la tatu, la waliberali, lilikuwa bado halijaguswa.

Ndipo akaja Sylvie Goulard, mteule wa Macron, ambaye alikuwa amejiuzulu uwaziri wa ulinzi wa Ufaransa mwaka 2017 kutokana na uchunguzi kuhusu wasaidizi wa bungeni, na ambaye alipokuwa mbunge wa Ulaya alilipwa pia kama mshauri na taasisi moja ya Marekani. Wabunge wakamuuliza swali rahisi ambalo hakuweza kulijibu kwa kuwaridhisha: kama kesi hiyo ilitosha kukuondoa katika serikali ya nchi yako, kwa nini isitoshe kukuzuia Ulaya? Alihojiwa mara mbili, na tarehe 10 Oktoba akakataliwa kwa kura 82 dhidi ya 29. Ufaransa ikamleta Thierry Breton, na Kamisheni ikaanza kazi tarehe 1 Desemba badala ya 1 Novemba.

Je, Goulard alianguka kwa sababu ya maadili au kwa sababu ya kisasi cha vyama? Nimesoma hoja za pande zote mbili, na naamini yote mawili yalikuwepo. Shaka kuhusu mwenendo wake ilikuwa ya kweli, lakini shaka ya kweli haimwangushi mtu mpaka wapatikane wenye sababu ya kuitumia. Mwaka 2019 vyama vikubwa havikuwa vimefungana kiasi cha kulindana, na kwa sababu hiyo mahojiano yalikuwa na makali.

Sasa tazama 2024. Von der Leyen alichaguliwa tena Julai kwa kura 401 za Bunge lenye viti 720. Mahojiano yakafanyika kati ya tarehe 4 na 12 Novemba, na wale makamu sita wa rais wenye mamlaka ya utendaji wakawekwa wote siku ya mwisho. Ratiba hiyo ilivipa vyama nafasi ya kushikiliana. EPP ilikuwa na shaka na Teresa Ribera, msoshalisti wa Uhispania, na wahafidhina wa Uhispania walimtaka kwanza ajieleze katika bunge la nchi yake kuhusu mafuriko ya Valencia ya mwishoni mwa Oktoba, yaliyoua watu zaidi ya 200 akiwa waziri wa mazingira. Wasoshalisti na waliberali nao hawakutaka Raffaele Fitto, kutoka chama cha Giorgia Meloni cha mrengo wa kulia nchini Italia, apewe cheo cha makamu wa rais. Kila upande ukamshika mateka mtu wa upande wa pili. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeidhinishwa kati ya hao sita, na tarehe 20 Novemba viongozi wa makundi wakakubaliana kuwapitisha wote kwa pamoja. Olivér Várhelyi wa Hungary, ambaye majibu yake kuhusu afya hayakuwaridhisha wengi, naye akapita baada ya kupunguziwa baadhi ya majukumu.

Tarehe 27 Novemba Kamisheni ikaidhinishwa kwa kura 370 dhidi ya 282, wabunge 36 wakijizuia. Hakuna Kamisheni iliyowahi kupita kwa uungwaji mkono mdogo namna hiyo. Mambo hayo mawili, yaani kutokataliwa mtu na kura kuwa finyu, yanaelezana. Vyama vilipokubaliana kwa siasa za nipe nikupe, maswali magumu yaliyoulizwa chumbani hayakuwa na matokeo, na wabunge wasioridhika wakabaki na njia moja tu, kupiga kura dhidi ya wote. Kwa mtu anayeliheshimu Bunge hilo, kama mimi, huo ulikuwa mwaka wa kusikitisha. Saa tatu za kumhoji mtu hadharani zina maana pale tu jibu baya linapoweza kumgharimu.

Kabla sijafika kwenye Ujerumani na Uingereza, ni vizuri uone pale ambapo Bunge hilohilo halina tishio la kulitumia. Wajumbe wa bodi ya utendaji ya Benki Kuu ya Ulaya huteuliwa na Baraza la Ulaya baada ya Bunge kutoa maoni tu. Oktoba 2012 wabunge walimkataa Yves Mersch wa Luxembourg kwa kura 325 dhidi ya 300. Malalamiko yao hayakuwa juu ya uwezo wake. Walipinga kwamba bodi nzima ilikuwa inabaki ya wanaume watupu. Mwezi uliofuata viongozi wa nchi wakamteua vilevile. Mwaka 2016 wabunge walimkataa Leo Brincat wa Malta asiingie Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu, naye pia akateuliwa. Hapakuwa na kura ya pamoja iliyokuwa inasubiriwa, wala rais mteule aliyekuwa na cha kupoteza. Lakini pale ambapo sheria ya chombo inataka kibali cha Bunge, mambo ni tofauti: Januari 2020 Bunge lilimkataa Gerry Cross kuwa mkurugenzi mtendaji wa Mamlaka ya Benki ya Ulaya, na hakuipata kazi hiyo. Wabunge walikuwa walewale na mahojiano ya namna ileile. Kilichotofautiana ni kile ambacho mteuzi angepoteza akiwapuuza.

Nikija kwenye swali lako la pili, sababu kubwa ni jinsi serikali zinavyozaliwa. Katika nchi nyingi za Ulaya serikali hutoka ndani ya bunge na huishi kwa imani ya wabunge walio wengi. Ujerumani, Bundestag, yaani bunge la nchi hiyo, humchagua kansela kwa kura ya siri, lakini mawaziri huteuliwa na rais wa nchi kwa pendekezo la kansela, bila kura ya wabunge. Usidhani kura hiyo ya kansela ni ya desturi tu: tarehe 6 Mei 2025 Friedrich Merz alipata kura 310 katika duru ya kwanza wakati alihitaji 316, na akapita duru ya pili, siku hiyohiyo, kwa kura 325. Sweden wanakwenda mbali zaidi katika mantiki hiyo, kwa sababu waziri mkuu hahitaji wingi wa kura za ndiyo. Anahitaji tu wasiwepo wabunge 175 kati ya 349 wanaomkataa. Novemba 2021 Magdalena Andersson alipita akiwa na kura 117 za ndiyo na 174 za hapana, yaani kura moja pungufu ya zile ambazo zingemzuia.

Katika mfumo kama huo, kumpiga msasa kila waziri kungekuwa na faida ndogo. Walio wengi bungeni ndio waliokwisha kukubaliana juu ya mgawanyo wa wizara katika mkataba wao wa muungano, na mbunge wa chama tawala anayemkataa waziri wa chama chake anaitikisa serikali anayoitegemea. Slovenia ni mfano tofauti ninaokushauri uusome: huko mteule wa uwaziri hufika kwanza mbele ya kamati ya bunge na kujibu maswali, na mawaziri huteuliwa na bunge kwa pendekezo la waziri mkuu.

Uingereza haiwahoji mawaziri, lakini tangu mwaka 2008 kamati zake huwahoji baadhi ya wanaopendekezwa kuongoza vyombo vya umma. Maoni ya kamati hayamfungi waziri. Mwaka 2009 kamati ilikataa kumuunga mkono Maggie Atkinson kuwa kamishna wa watoto wa England, na waziri Ed Balls akamteua. Tofauti ya kukumbuka ni Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, ambayo sheria ya mwaka 2011 inaipa kamati ya hazina ya bunge turufu juu ya wanaoiongoza. Ufaransa ilifanya marekebisho ya katiba mwaka 2008, na Ibara ya 13 sasa inazipa kamati za mabaraza yote mawili uwezo wa kuzuia uteuzi fulani wa rais, lakini kwa sharti gumu: kura za hapana, zikijumlishwa, zifike tatu kwa tano ya kura zilizopigwa. Februari 2025 Richard Ferrand, mteule wa Macron kuongoza Baraza la Katiba, alipata kura 39 za ndiyo na 58 za hapana, na akapita, kwa sababu 59 ndizo zingemzuia. Mimi siwezi kuuita huo uidhinishaji. Mtu aliyekataliwa na karibu wabunge watatu katika kila watano anaongoza chombo kinachohukumu kama sheria za wabunge hao zinafuata katiba.

Bunge la Ulaya linaweza kufanya ambacho Bundestag haina haja ya kukifanya kwa sababu halijengi serikali kwa maana ya kawaida. Kamisheni haina uwezo wa kulivunja, makamishna hawakai humo kama wabunge, na watu wenyewe wanaletwa na serikali 27 ambazo mbunge wa nchi nyingine hana deni kwao. Hilo linaufanya mpangilio wake ukaribie Kenya kuliko Ujerumani, kwa kuwa katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 152, inamtaka rais apate kibali cha Bunge la Taifa kabla ya kumteua waziri, na waziri hatoki miongoni mwa wabunge. Lakini hata Kenya, ambako sheria inaruhusu kumkataa mtu mmoja mmoja, chama kikiwa na wingi kinaweza kuifuta kazi ya kamati: mwaka 2022 kamati ilipendekeza Peninah Malonza akataliwe, na Bunge zima likamwidhinisha. Kwetu Tanzania, kama ujuavyo, Bunge huthibitisha uteuzi wa Waziri Mkuu peke yake, chini ya Ibara ya 51. Mawaziri wengine hawapiti humo.

Jambo la mwisho linafuata moja kwa moja kutoka kwenye swali lako, ingawa hukuliuliza: nini hutokea kamishna akishaapishwa? Akiondoka katikati ya muhula, mrithi wake huteuliwa na nchi wanachama kwa makubaliano na rais wa Kamisheni, na mkataba unataka Bunge lishauriwe tu. Hata hivyo Bunge limelazimisha mahojiano hapo pia. Oktoba 2023 Wopke Hoekstra wa Uholanzi, aliyekuja baada ya Frans Timmermans kuondoka, alilazimika kujibu maswali ya ziada kwa maandishi kabla ya kupata kura 279 dhidi ya 173. Kumwondoa kamishna aliyeko kazini ni kazi ngumu zaidi. Bunge linaweza kumwomba rais amwondoe, na rais ana uwezo wa kumtaka ajiuzulu, lakini akikataa analazimika tu kuja kueleza sababu zake. Kura ya kutokuwa na imani, kama ile ya kuidhinisha, inawagusa makamishna wote kwa pamoja, na inahitaji theluthi mbili ya kura zilizopigwa pamoja na zaidi ya nusu ya wabunge wote. Julai 2025 kura kama hiyo dhidi ya von der Leyen ilipata 175 za kumwondoa na 360 za kumbakisha. Kamisheni ya Santer ilijiuzulu yenyewe Machi 1999, baada ya ripoti ya wataalamu huru kuhusu usimamizi mbovu na upendeleo, ilipoona kwamba theluthi mbili hiyo ingeweza kupatikana.